Bonde Nisiloweza Kulitaja

Bonde nilikozaliwa liko juu milimani, mbele ya mji wa Mbulu, na jina lake linafanana na jina la baba mkwe wangu. Tofauti ni herufi moja ya mwisho, nayo wenyeji huimeza wanapotamka. Siku naolewa sikulijua jambo hilo. Nililijua wiki ya kwanza nilipofika tambarare, upande wa Basotu, mama mkwe aliponiketisha nyuma ya nyumba kunifundisha maneno ambayo mke wa boma lile hayatoi kinywani. Kwa wafugaji wa kule, mke hataji jina la baba wa mumewe, wala hatamki neno linalosikika kama jina hilo.

Tatizo ni kwamba hata yeye mama mkwe hakuweza kulitaja. Alimwita mtoto wa jirani aliyekuwa akichunga ndama, akamwambia aseme jina la mzee. Mtoto akasema, akaambiwa aende zake.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Basi hilo hulisemi. Na kila kinachofanana nalo hukisemi."

"Mama, mbona hilo ni kwetu?"

Alishika shavu. "Kwenu kunaitwa hivyo? Mungu wangu!" Akacheka mpaka bangili zake zikalia. "Haya, kwenu tutakuita Kwenye Baridi."

Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nimebatizwa, na nilidhani mambo kama hayo yatanipita tu. Hayakunipita. Na kusema kweli, kunyamaza halikuwa jambo geni kwangu. Shuleni mwalimu aliniuliza swali, nami jibu ninalo, nikainama kutazama vidole vya miguu mpaka aulizwe mwingine. Kule tambarare waliniona mke mwenye adabu sana. Ilikuwa aibu tu, waliiita adabu.

Mtoto wangu alipokuwa ameanza kukaa, ujumbe ulinifikia kwa mama mmoja anayeleta viazi mnadani. Mama yangu haoni vizuri. Jicho moja limefunga kabisa, la pili anaona kama mtu aliye ndani ya ukungu. Ameomba nimpeleke mtoto amwone uso kabla na hilo halijafunga. Tena kabla ya mvua kubwa, maana mvua ikishika, magari hayapandi kule mpaka udongo ukauke.

Mume wangu alikuwa amehamia malishoni na ng'ombe, na kiangazi kile alikuwa mbali. Baba mkwe aliposikia habari hakusema mengi. Alisema, "Aende. Mama yake ni mama yake." Hakuniambia mimi, alimwambia mama mkwe, nami nikiwa nimesimama pale pale nimempa mgongo nusu, kama inavyotakiwa.

Basi tukaanza kuipanga safari, mama mkwe na mimi. Yeye kwake safari zote zinapitia Katesh. Hospitali ni Katesh, mahakama ni Katesh, chumvi ya ng'ombe ni Katesh.

"Tutashuka Katesh," alisema, "tupite Nangwa, twende mpaka Babati, halafu tutauliza watu."

"Mama, huko ni kuzunguka. Babati ni upande mwingine. Tukipita Haydom tunatokea Dongobesh, halafu Mbulu mjini, halafu juu."

"Babati ndiyo mkoa siku hizi, wamesema kwenye mkutano. Mtu anakwendaje mbali bila kupita mkoani?"

Mkoa wetu ulikuwa mpya wakati ule, na wazee wengi bado walisema Arusha walipotaka kutaja serikali. Nilicheka, naye akacheka, lakini hakukubali moja kwa moja mpaka nilipochora barabara chini kwa kijiti. Mlima Hanang niliuweka kwa jiwe, Katesh kwa kinyesi cha mbuzi, Haydom kwa kinyesi kingine. Nilipofika kwetu sikuweka kitu, nikatoboa shimo tu. Mama mkwe akalitazama lile shimo, akasema, "Kwenye Baridi," akaweka juu yake unyoya wa kuku.

Alipanga yeye vya kubeba. Kibuyu cha samli kwa ajili ya mama yangu. Maziwa ya mgando ya njiani. Ngozi ya kondoo ya kumlalishia mtoto, maana aliamini kule watoto wanaganda usiku. Nilimwambia nimekulia kule na sikuganda. Akanijibu, "Ndiyo maana husemi. Uliganda mdomo."

Kilichobaki kilikuwa gari. Magari ya serikali yaliyokuwa yakipita kwenye mashamba makubwa ya ngano yalikuwa yamekwisha zamani, lakini malori ya wafanyabiashara yalikuwa yameongezeka. Kulikuwa na dereva mmoja mnene, mcheshi, aliyenunua mbuzi katika maboma yetu. Siku ya mnada nilimfuata pale alipoegesha. Nilisimama karibu na gurudumu la nyuma kwa muda mrefu, watu wakamaliza shida zao wakaondoka, mimi bado nipo.

"Na wewe dada umekuja kununua tairi?" aliniuliza.

"Shikamoo."

"Marahaba. Sema."

"Nataka safari. Na mtoto. Na mama mkwe atanisindikiza."

"Ya wapi?"

"Mbulu."

"Mbulu ni kubwa, dada. Mbulu wapi?"

Nikatazama chini. Nyuma yangu walikuwa wamesimama wanawake wawili wa maboma ya jirani, wenye masikio makali. Ningelitamka, habari ingetangulia kufika nyumbani kabla yangu.

"Bondeni," nikasema.

"Bondeni!" Akapiga mlango wa lori kwa furaha. "Mbona ndiko ninakokwenda! Wiki ijayo baada ya kupakia mbuzi. Umepata gari, dada, tena mbele, si juu na mbuzi."

Nikarudi nyumbani nimefurahi, nikamwambia mama mkwe kwamba tumepata. Hakuna aliyeniuliza nilisemaje.

Siku ya kupakia, dereva alikuja bomani kwetu asubuhi. Alisalimiana na baba mkwe, wakakaa kwenye magogo nje ya zizi, mama mkwe akawapelekea maziwa. Mimi nilikuwa kando, nafunga mzigo, mtoto mgongoni. Dereva alikuwa anasimulia njia, nami nilisikiliza kwa sababu ilikuwa njia yangu.

"Haydom hakuna shida," alisema. "Shida ni pale tunapoacha barabara na kuanza kushuka. Ile si barabara, mzee, ni mapito ya ng'ombe. Na mbung'o! Mtoto afunikwe vizuri. Lakini nikifika Yaeda Chini napata asali nzuri sana kwa wale wawindaji."

Mikono yangu ilisimama kwenye kamba. Kushuka? Mbung'o? Kwetu hakuna mbung'o, kwetu kuna ukungu na kondoo. Bonde alilolisikia yeye ni lile la Yaeda, la joto, la chini kabisa, upande mwingine wa wilaya. Tungeshushwa kule, mimi na mtoto na mama mzee na kibuyu cha samli, mahali tusipomjua mtu, na lori lingerudi na mbuzi. Na mvua ilikuwa imeanza kujikusanya upande wa mlima.

Nilitaka kusema, kisha nikaona kwamba siwezi. Baba mkwe yupo, tena karibu kuliko mahali popote nilipowahi kusimama akiwa anazungumza na mgeni. Nikamwangalia mama mkwe. Naye alikuwa ameelewa, macho yamemtoka, lakini mdomo wake umefungwa kwa kufuli lile lile.

"Si huko," nikasema. Sauti ilitoka ndogo sana.

"Unasemaje, dada?"

"Si Yaeda. Ni bonde lingine. La juu."

"La juu wapi? Lina jina?"

"Kwenye Baridi," mama mkwe akanisaidia.

Dereva akacheka. "Mama, Mbulu yote ni baridi. Niambieni jina basi, mnanificha nini? Au hamjui mnakokwenda?"

Nilisema kuna kanisa juu ya kilima, kuna mto unaopita katikati, kuna viazi. Kila nilichosema kilikuwa kweli na kilifaa mabonde kumi. Dereva alianza kututazama kama watu wasiotimia akili. Akamgeukia baba mkwe.

"Mzee, hawa watu wako wanataka kwenda wapi?"

Baba mkwe aliweka chini kibuyu cha maziwa. Alipajua kwetu, maana alikwenda mwenyewe kupeleka ng'ombe wa mahari. Alinitazama, jambo ambalo hakuwa akilifanya, kisha akamtazama dereva, akataja. Alitaja bonde letu, yaani alitaja jina lake mwenyewe, kwa sauti, mbele ya mke wa mwanawe. Mzee wa kule hafanyi hivyo.

"Wapi?" dereva akauliza. Lori, ambalo hakulizima, lilikuwa linaunguruma.

Akataja tena, kwa nguvu zaidi.

Dereva akapiga paja. "Aaa! Lakini mzee, si ndilo jina lako hilo? Sasa huyu anataka kwenda kwako naye yuko kwako!" Akacheka peke yake. Mama mkwe alikuwa amejifunika uso kwa shuka. Mimi nilipiga magoti nyuma ya mzigo kana kwamba kamba imelegea, nikakaa hapo, mtoto akinivuta nywele.

Baba mkwe hakukasirika. Alimuuliza dereva kama atafika huko. Dereva akasema hapana, mbuzi wa Yaeda wanamngoja, lakini atatushusha Haydom, na pale kuna lori la mahindi la mwenzake linalopanda Dongobesh mpaka Mbulu mjini. Atamwambia. Safari ikapangwa upya pale pale kwenye magogo, na wanaume wawili, vizuri kuliko tulivyoipanga sisi.

Ubaya ni kwamba dereva aliupenda mchezo ule. Alipomaliza kupakia mbuzi, majirani wamekusanyika kutuaga, alipanda kwenye usukani akatoa kichwa dirishani na kuita kama wanavyoita stendi, akilitaja lile jina: "Wa huko, panda! Wa huko, tunaondoka!" Alilitaja mara nyingi. Wanawake wote wa boma walijifunika midomo. Vijana waliinama wakicheka chini chini. Nilitamani kubaki, mama yangu aendelee kuona ukungu, mradi ile sauti inyamaze.

"Huyu hapa," baba mkwe akajibu. Alichukua mzigo wangu mwenyewe, akaupandisha.

Tulifika siku ya pili jioni. Mama alimshika mjukuu, akamsogeza mpaka pua zikakaribiana, akamgeuza kwenye mwanga wa mlango, akamtazama kwa jicho lililobaki. Alikaa naye hivyo muda mrefu. Baadaye, mama mkwe alipokuwa ametoka kuangalia kondoo na dada zangu, mama aliniuliza nani alituwezesha kufika. Nikamwambia ni baba mkwe.

"Alipoleta ng'ombe tulimwita mzee tu. Anaitwa nani? Nitamwombea leo."

Nikasogeza kuni motoni.

"Anaitwa nani, mwanangu?"

Aliupapasa mkono wangu, na uso wake ukabadilika. "Wanakutesa," alisema polepole. "Mtu mwema huwezi kuficha jina lake."

Nilipaswa kumjibu hapo hapo, na sikumjibu. Nilihesabu maneno yanayofaa na yasiyofaa huku mama yangu akiamini, mbele ya moto wake mwenyewe, kwamba mzee yule ni mkatili. Nilipopata la kusema alikuwa ameanza kulia.

"Hawanitesi, mama. Anaitwa kama hapa."

"Kama hapa wapi?"

"Hapa. Tulipokaa."

Alifikiri. Kisha akalitamka jina la bonde letu, lile analolitamka tangu utoto, akilionja kama jina la mtu. Nami, kabla sijajizuia, nilikuwa nimeshajifunika kichwa kwa khanga. Hakuona vizuri, lakini aliona kitambaa kikipanda. "Basi hata kwenu hukutaji tena," akasema, akaniachia mkono, akamgeukia mjukuu.