Nilikaza Bolti Gari Likiwa Juu

Kosa ni langu. Nasema hivi kwa sababu nyumbani kwangu kosa hili amebebeshwa mtu mwingine, na mimi nimekaa kimya kama sijui.

Gari letu ni la zamani, na mbele lilikuwa likigonga kila lilipopita shimo. Bushi zilikuwa zimeisha, zile za mpira zinazoshika mkono wa gurudumu. Nilinunua mpya Kangemi, nikaamua kuzifunga mwenyewe nje ya nyumba, hapa mtaani Satellite. Nilitaka mke wangu aone kwamba hata mimi najua kazi.

Muuzaji aliniambia waziwazi: "Boss, usikaze ikiwa juu. Shukisha gari kwanza, ikalie magurudumu, ndio ukaze. Ama hiyo raba itajipinda mpaka iraruke."

Mvua ikaanza. Kama ningelishusha gari, ningelazimika kulala kwenye matope kufikia bolti. Nikazikaza likiwa juu ya jeki, nikanawa mikono, nikaingia ndani kunywa chai. Mjinga mimi!

Miezi michache baadaye mke wangu akasema, "Baba Shiru, gari inagonga tena."

"Ni hizi barabara," nikamwambia. "Bushi ni mpya, si uliniona nikiweka?"

Aliporudia, nilimkasirikia, nikamuuliza tangu lini amekuwa makanika. Hakusema tena.

Siku moja baadaye alikuwa akimpeleka mama yake kliniki. Kwenye mteremko wa Loresho alikanyaga breki, gari likavuta kushoto, likagonga ukuta wa nyumba ya watu. Yeye alitoka na mikwaruzo. Mama mkwe alivunjika nyonga. Mama aliyekuwa akisimama kutwa sokoni akiuza mboga, sasa anageuzwa kitandani.

Nilienda kulitazama gari. Raba zilikuwa zimejipinda na kuraruka, vilevile nilivyoambiwa.

Jamaa walisema ni uendeshaji wake. Nikanyamaza. Ndugu yangu akafanya mzaha juu ya wanawake na usukani, bado nikanyamaza. Mke wangu ameacha kabisa kuendesha. Kila Jumapili tukitoka kanisani tunaenda kwa mama yake, anamwogesha, na kila mara anamwomba msamaha. Mimi huwa nimekaa sebuleni, nawasikia.

Wenzangu, shusheni gari kabla ya kukaza. Na mkeo akikwambia linagonga, toka nje ukaangalie, hata kama bushi uliziweka wewe mwenyewe.

Jana aliniuliza kama mama yake angekuwa anatembea leo, iwapo yeye angekanyaga breki mapema kidogo.

Nikamjibu, "Labda."