Shimo Lisilochimbwa

Watu walimwita Mama Katu, kwa sababu neno hilo halikumkauka mdomoni. Ukimwomba apunguze bei ya maziwa, katu. Ukimwambia apumzike, katu. Mumewe, fundi cherehani mwenye mguu mmoja mfupi, aliwaambia wateja, "Hata nilipomposa alisema katu. Nikakaa mlangoni kwao mpaka akachoka kunitazama."

Mali yao ilikuwa uwanda wa nyasi juu ya nyumba, mkubwa, mtupu, unaopitwa na upepo na ndege na ng'ombe wa kila mtu. Jirani naye alikuwa na uwanda wake vilevile. Wenye malori wakamjia, tupe kishimo kimoja tu cha kokoto. Akawapa. Leo kwa jirani ukitupa jiwe husikii likifika chini, na yeye mwenyewe anaishi kwa mkwewe.

Ndipo Mama Katu na mzee wake wakaenda kwa watu wa hifadhi ya ardhi wakaweka mkataba. Ardhi inabaki yao, watachunga, watamrithisha mtoto wao. Lakini haki ya kujenga, kuweka uzio na kuchimba wameitoa, na haimrudii yeyote, awe mwana, mjukuu au mnunuzi. Mwanasheria akauliza, "Tuache pembe ya makaburi?"

Fundi akacheka. "Mimi kufa sijapanga."

"Andika hakuna shimo," mkewe akasema. "Hata la choo. Hata la panya, kama panya atakubali kutia sahihi."

Kila mwaka mvua zikiisha alikuja msimamizi wa hifadhi kukagua. Wao walimwita Bwana Mipaka. Walitembea watatu, jiwe la mpaka hadi jiwe la mpaka. Fundi kwa mguu wake aliishia kwenye mwamba wa katikati, anakaa, anawapigia kelele: "Angalieni vizuri, pengine mke wangu amejenga ghorofa!"

Kisha mapafu yakamshika. Wakamsogezea kitanda dirishani auone uwanda. Siku moja akamshika mkewe mkono. "Mke wangu, mimi nilaze pale, kando ya mwamba."

"Kunywa dawa, acha maneno mengi."

"Nimekuomba kitu."

"Nimesikia."

Ndiyo hakusema, na lile neno lake, siku hiyo, halikutoka. Fundi akafa akiwa ameelekea dirishani, hajajibiwa.

Mwana wao, dereva wa lori, akafika na majembe na sururu. Akamkuta mama yake amesimama katikati ya njia ya kupandia.

"Mama, nipishe."

"Huko juu hakuna shimo."

"Ni baba! Si kokoto, mama, ni baba!"

Bwana Mipaka naye alikuwa amekuja kutoa pole. Akamvuta mama pembeni, akanong'ona, "Mama, shimo moja. Mimi nitageuza uso. Nani atauliza?"

"Ukigeuza uso leo kwa ajili yangu, kesho mwanangu atataka ugeuze kwa ajili ya nyumba. Mjukuu naye kwa ajili ya malori. Jirani alianza na kimoja."

"Una roho ya jiwe," mwanawe akasema mbele ya watu wote, akaitupa sururu chini.

Wakamzika fundi makaburi ya mjini, nyuma ya gereji, kati ya watu asiowajua, mahali pasipo hata jani la nyasi. Mwana akaondoka na lori lake bila kuaga. Simu ya mama yake hapokei mpaka leo.

Mvua zilipoisha, Bwana Mipaka akaja. Wakatembea wawili, na hakuna aliyewapigia kelele. Walipofika mwambani akauliza maswali yake kama kila mwaka, ila kwa sauti ya chini. Jengo? Hakuna. Uzio? Hakuna.

"Kimechimbwa chochote?"

Mama Katu akatazama kando ya mwamba, pale ambapo miaka yote nyasi zililala kwa kukaliwa na mtu mmoja. Zilikuwa zimesimama zote.

"Hakuna," akasema.

Akakaa palepale akalia kwa sauti, kile kilio ambacho watu walikisubiri msibani wasikipate. Bwana Mipaka akatia kalamu mfukoni, akageuza uso.