Konje ya Kutazama Vilima

Mpaka leo mtu akinialika niende mahali penye mandhari nzuri, hasira inanipanda. Nilikwisha kutazama mandhari nilipokuwa na miaka kumi, asubuhi na jioni, nimekaa wima kwenye benchi na mdogo wangu mgongoni. Ilinitosha.

Ilikuwa miaka ile ya Katanga kujitenga na Kongo, na Lubumbashi bado ilikuwa inaitwa Elisabethville. Baba alikuwa karani katika ofisi ya reli. Kila kiangazi alipata konje, ndivyo tulivyoiita likizo, na konje ilikuwa na maana moja tu: kwenda nyumbani. Kwetu ni kaskazini, mbele ya Kamina, kwa mama yake mama, ambaye tulimwita kambo. Mama alikuwa anaanza kufunga mizigo mwezi mzima kabla: chumvi, sabuni, sukari, vitenge, sahani za bati. Ukikaa mjini wakati wa konje, majirani walidhani umefukuzwa kazi.

Mwaka huo mama alikuwa na sababu kubwa kuliko vitenge. Mdogo wangu alikuwa ametimiza mwaka na bado alikuwa na nywele alizozaliwa nazo. Katika ukoo wa mama, nywele za kwanza za mtoto hunyolewa na bibi mzaa mama, si mtu mwingine. Mimi nilinyolewa na kambo. Huyu alizaliwa njia imekwisha kufungwa, askari upande huu na vijana wenye mishale upande ule, na treni haikufika tena kwetu. Barua nazo hazikufika. Nywele zikawa kichaka. Kila jirani aliyeuliza habari za kile kichwa alimtonesha mama kidonda, na wote waliuliza.

Basi ili tusikae mjini bila konje, baba akarudi siku moja na ufunguo. Mzungu wake wa ofisini, aliyekuwa anafunga virago kurudi Ubelgiji, alikuwa na nyumba ndogo ya kupumzikia kwenye ranchi moja huko nyanda za juu za Biano, akamwachia baba aitumie wiki mbili. Kuna vilima, baba alisema, kuna ziwa, kuna ng'ombe mpaka macho yachoke.

"Kambo iko kule?" mama akauliza.

"Hapana. Lakini kuko hewa ya muzuri."

"Miye siendake konje juu ya hewa."

Alikwenda, kwa kuwa treni ilifika mpaka huko na mumewe alikwisha kuaga ofisi nzima. Lakini alifunga mizigo ileile ya nyumbani, mpaka chumvi. Baba alipouliza chumvi yote ile ni ya kupeleka kwa nani, mama alikaza kamba.

Tulifika Biano saa nne asubuhi na baridi ilikuwa bado inauma masikio. Baba akafungua nyumba, akatembea vyumba vyote akigusa viti. Mama hakuingia. Aliketi nje juu ya mizigo, kwa sababu mgeni hangoji tu kuonyeshwa mlango, anangoja mwenyeji amletee maji, amuulize habari za njiani, amletee kuku. Wachungaji walipita na ng'ombe wao, wakavua kofia kwa mbali, wakaenda zao. Walizoea kuona wazungu pale, na wazungu huwa hawangojwi na mtu. Jua lilipogeuka mama alikuwa bado pale pale. Mwishowe nilikwenda mwenyewe kuteka maji, nikampa, nikamuuliza habari za njiani. Aliniambia nisimchezee.

Kesho yake ratiba ikaanza. Mzungu wa baba alikuwa amemweleza jinsi konje inavyofanywa, na baba alikuwa mtu wa kufuata maelezo. Chai. Matembezi mpaka mtini na kurudi. Kisha kuketi barazani, uso ziwani, hadi wakati wa kula. Baba alivaa tai.

"Baba, tuko naangalia nini?" nikauliza siku ya pili.

"Paysage," akasema kwa Kifaransa, yaani mandhari.

"Inafanya nini?"

"Haifanye kitu. Ni ya kuangalia."

Nikaangalia. Kilima, ziwa, ng'ombe. Ng'ombe akasogea. Mdogo wangu akalia, nikambembeleza, nikaangalia tena. Nilimchukia yule mzungu ambaye sikuwahi kumwona, na mama, jikoni, alikuwa anagonga sufuria kwa nguvu ili baba asikie. Baba alijifanya hasikii. Bukari, ugali wetu, iliungua siku tatu mfululizo.

Siku ya nne mama alikwenda kwenye nyumba za wachungaji kutafuta sombe, majani ya muhogo. Alirudi bila sombe, anakwenda karibu mbio. Amemsikia mwanamke mzee akimgombeza mbuzi kwa lugha yetu, tena kwa matamshi ya kule kule kwa kambo. Ni mama yake mchungaji mkuu, aliyeletwa Biano na marehemu mumewe zamani. Mama akambeba mtoto, akanitwisha nusu ya mizigo, nusu akajitwisha mwenyewe.

Alipiga magoti mbele ya yule bibi, akaweka chini kila kitu: chumvi, sabuni, sukari, vitenge, sahani. Akaeleza habari za kambo na za njia kufungwa. Bibi alikipapasa kile kichwa cha mtoto muda mrefu. Akasema kwamba anaweza kunyoa, lakini akishanyoa amekuwa mama, na umama haurudishwi. Mama akaitika. Wembe ukaletwa. Mdogo wangu alipiga kelele za kusikika mpaka stesheni, na nywele zote mama akazikusanya ndani ya kitambaa cheupe, azipeleke kwa kambo njia itakapofunguliwa.

Asubuhi iliyofuata bibi akaja kumtembelea binti yake, kuku kwapani. Baba alikuwa barazani na kikombe chake. Aliinuka, akanyoosha mkono amsalimie. Bibi akajifunika uso kwa kitenge, akageuka.

"Baba, toka pale," mama akasema kutoka mlangoni. "Huyu njo mukwe wako."

"Mukwe gani?"

"Ule alinyoa mutoto."

Kwetu mwanamume haketi mahali alipoketi mama mkwe wake, hali chakula mbele yake, hamtazami usoni. Baba alikuwa amesoma, angeweza kucheka. Alishusha mkono, akachukua kiti, kikombe na gazeti, akahamia nyuma ya nyumba, uso kwenye zizi. Bibi akaketi barazani. Miaka yote aliyoishi pale hakuwahi kupanda baraza ile. Alilitazama ziwa mpaka jioni, akasema kesho atarudi, na alirudi kila siku hadi konje ikaisha.

Nilimwonea baba huruma, na hilo nalo liliniudhi. Nilimfuata kule kwenye nzi na mavi ya ng'ombe, nikamwambia yule si mukwe wake wa kweli.

"Angalia ng'ombe," akasema.

Kujitenga kulipokwisha na treni kuanza tena kwenda kaskazini, mama alifunga mizigo, kile kitambaa juu kabisa. Kabla hatujaondoka alifika mjomba wake kutoka nyumbani. Kambo alikuwa amefariki zamani, mwaka uleule njia ilipofungwa, hata mdogo wangu hajazaliwa. Siku zile zote tulikuwa tunamwekea marehemu nywele.

Majirani walijaa uani kulia na mama. Mama hakulia. Alikaa na kitambaa mapajani, akisema neno moja tu: "Nitalilia kwa nani?" Siku ya tatu baba alitoka bila kuaga, akarudi na tikiti. Zilikuwa za Biano.

Nyumba ya mzungu ilikuwa imefungwa, tukaenda moja kwa moja kwa wachungaji. Bibi alitoka na maji ya kunywa, akamuuliza mama habari za njiani, na mama akamwangukia kifuani, akalia kwa mara ya kwanza. Baba hakungoja kuambiwa. Alitafuta kigoda, akazunguka nyuma ya nyumba, akaketi akiwatazama ng'ombe.