Ramani ya Wizi wa Mihogo Busunzu

Ernesta alizaliwa Kitahana, akasomea elimu ya uhalifu chuo kikuu (mama yake alidhani anafundishwa kuiba), akarudi kwao wilayani Kibondo na kompyuta na imani kwamba wakubwa wa serikali wakijua kwa nini mtu anaiba, wataacha kumpiga. Mimi nilikuwa karani wake. Nilimcheka, kisha nikamwamini, na hadi leo najuta.

Kazi ilikuwa kuchunguza wizi wa mihogo kijijini Busunzu, jirani na kambi ya wakimbizi. Wakulima walishinda shambani na mapanga, wakiapa kumuua mkimbizi yeyote watakayemkuta. Watafiti wengine huanza na daftari la polisi. Ernesta alianza kambini, wala hakumuuliza mtu kama ameiba. Aliuliza, "Jana mlipika nini? Na juzi?" Wanawake walimjibu bila woga. Aliyemsaidia zaidi ni Nadine, Mrundi mwenye watoto watatu, aliyemtembeza kwenye vijia vyote wanavyopita kwenda mashambani chakula kikiisha.

Miezi minane tulijaza majedwali. Wizi ulipanda wiki ya mwisho kabla ya mgawo wa chakula, ukashuka mgawo ulipotoka. Ni njaa tu, basi. Ernesta akapendekeza mgawo uwe mara mbili kwa mwezi, na wanawake waruhusiwe kulima kibarua kwa Waha, wenyeji wenye mashamba, walipwe mihogo. Ukurasa wa mwisho akaweka ramani ya vijia, wakubwa waone kwamba hakubuni. Ujinga wa msomi! Na mimi ndiye niliyeichapa kwa rangi.

Wakubwa walishika ramani, mengine wakayaacha. Mgambo wakapangwa kwenye vijia vile vile, wiki ile ile ya mwisho. Siku ya kwanza walikamata wanawake kumi na mmoja. Nadine alikuwa na mihogo minne ndani ya kitenge.

Mahakamani Ernesta alisimama kumtetea. Hakimu akamuuliza kama ramani ile ni yake. Akasema ndiyo. Nadine akapewa miezi sita jela.

Alipopitishwa mbele yetu, Nadine alisimama. "Dada, njia nilikuonesha mimi. Mtoto ana miezi saba, bado ananyonya. Andika na hilo."

Ernesta alilia kwa sauti, watu wakitazama. Mkubwa wake akampa leso, akampongeza kwamba wizi Busunzu umekwisha, akamwambia ajiandae: Jumatatu anahitajika wilaya jirani ya Kakonko, akachore ramani nyingine.