Pasi ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu ameshona majoho ya kwaya miaka thelathini, na miaka hiyo hiyo amewafundisha watoto wa shule ya Jumapili kumwogopa Mungu. Nasema kumwogopa, si kumcha. Kumcha ni kitu kingine, na yeye hajawahi kukionja.

Chumba chake kina cherehani, meza ya kukatia na pasi ya mkaa. Watoto wakija kupimwa majoho huwapanga mstari, kisha huitemea pasi mate. Tsss! "Mmesikia? Hiyo ni ngozi ya mwongo siku ya mwisho." Mate ya mtu mzima, na wazazi wanaitikia amina! Mume wangu naye, ukimgusia habari za mama yake, hujifanya hamnazo.

Mimi nafanya kazi kiwanda cha sabuni, kwa hiyo binti yetu wa miaka sita hushinda kwa bibi yake. Juma lile nilimkuta amefungwa kitambaa mkono wa kulia.

"Kajichoma sindano," mama mkwe akasema. "Acha kumdekeza."

Nikaacha. Kosa hilo ni langu, silikwepi.

Jumamosi nilipokifungua kile kitambaa, harufu ilinipiga. Kiganja kimevimba, usaha umefika kwenye kidole gumba. Kumbe aligusa pasi, na bibi yake akamwambia hayo ni malipo ya utundu, atubu na asimwambie mtu. Mficha maradhi, kifo humuumbua; huyu alificha ya mjukuu wake.

Nilimbeba mtoto hadi zahanati. Mama mkwe akatufuata, kitambaa cha kanisani kichwani.

"Ameungua lini?" muuguzi akauliza. "Nataka ukweli, mama zangu. Kama ni siku nyingi, lazima aende hospitali sasa hivi, la sivyo kidole hiki tutakikata."

Mimi siku yenyewe sikuijua; nilijua tu kitambaa kilikuwapo kabla ya jana. Nikamtazama mama mkwe. Kwenye benchi la mlangoni alikaa mke wa mchungaji, kadi mkononi, masikio yote kwetu.

"Jana jioni, mwanangu," mama mkwe akajibu, macho makavu.

Hapo ndipo nilipomchukia, na sioni haya kusema. Miaka thelathini anawatisha watoto wa wenzake kwa jehanamu, kumbe anayemwogopa ni mke wa mchungaji.

"Ni Jumatatu," binti yangu akasema polepole.

Muuguzi hakungoja zaidi, akaita gari. Kidole walikiokoa, ingawa mpaka leo hakikunjiki vizuri.

Ndani ya gari mtoto alikuwa akitetemeka mwili mzima. Nikadhani ni maumivu, nikamwambia avumilie, tunakaribia. Akatikisa kichwa, akanivuta shingo kwa ule mkono mzima mpaka midomo yake ikafika sikioni mwangu.

"Mama," akanong'ona, "mwambie Mungu bibi hajadanganya. Mwambie amesahau tu."