Jinsi Nilivyomtia Shemeji Hofu ya Shimo Jeusi

Kosa ni langu, na nalisema mapema ili nisisumbuliwe nalo tena. Mimi ndiye niliyemwambia shemeji habari za shimo jeusi.

Ilikuwa msimu wa kuvuna kahawa, Itaka, nyumbani kwa dada yangu mkubwa. Nilikuwa nimetoka Tunduma, ambako kazi yangu wakati ule ilikuwa kukaa na malori kwenye foleni ya mpakani. Dereva anakwenda kufuatilia karatasi zake, au kuoga, au kulala nyumba ya wageni, mimi nabaki ndani ya lori kulilinda. Foleni ikisogea nampigia simu. Foleni yenyewe huwa haisogei. Kwa mtu kama mimi, ambaye sijawahi kumaliza mwaka mahali pamoja, ingekuwa adhabu kama si kusoma. Shule niliiacha kidato cha pili, na tangu hapo nasoma chochote kinachopita mbele yangu, hata maandishi ya kwenye mifuko ya mbolea. Mwaka ule nilikuwa na kitabu cha fizikia kisicho na jalada, nilichokiokoa mikononi mwa mama mmoja muuza karanga aliyekuwa akikichana kurasa za kufungia. Sura ya joto ilikuwa imeshaondoka na karanga. Sura ya nyota ilibaki nzima.

Basi nikafika kwa dada nikiwa nimejaa nyota mpaka kooni. Shemeji alikuwa anazungusha mpini wa mashine ya kumenya kahawa, mimi namwagia maji. Shemeji ni mtu mkimya, na mtu mkimya ni hatari kwa mtu anayependa kusema, kwa sababu hakuzuii. Nilimweleza kwamba nyota kubwa sana ikifa hujiangukia yenyewe, inajibana mpaka inakuwa kitu kidogo chenye uzito wa kutisha, na mvuto wake ni mkali kiasi kwamba hata mwanga ukiingia hautoki. Nikamwambia lipo moja kubwa mno katikati ya kundi la nyota tulimo sisi, na jua letu pamoja na sisi wote tunalizunguka.

"Tunalizunguka," alisema.

"Ndiyo, shemeji."

Aliendelea kuzungusha mpini, na mimi nikaondoka kesho yake nikiwa nimeridhika kabisa na nafsi yangu.

Mwezi wa kumi dada akanipigia simu Tunduma. Hakunisalimia.

"Njoo umrudishie shemeji yako akili."

"Kafanya nini?"

"Anakataa zamu!"

Kwa asiyejua: kule kwao kuchimba mashimo ya kupandia kahawa ni kazi ya kikundi. Shimo moja ni futi mbili kwenda chini na futi mbili upana, na udongo wa kiangazi unalia kama sufuria. Familia moja peke yake itachimba mpaka mvua iikute njiani. Kwa hiyo kaya kumi na nne zinapeana zamu. Leo wote wapo kwako na majembe, kesho kutwa wote wapo kwa jirani. Ukikataa zamu yako unasubiri mwaka ujao. Na dada alikuwa na miche mia tatu kwenye viriba vya nailoni, aliyoiotesha mwenyewe na kuimwagilia kiangazi kizima kwa maji ya kubeba kichwani kutoka mtoni. Mche wa kahawa hausubiri mwaka ujao. Ukikaa sana kwenye kiriba mzizi mkuu unafika chini, unakosa pa kwenda, unajikunja. Mche wa namna hiyo hata ukiupanda baadaye utakufa siku yoyote bila kukuaga.

Zamu yao ilikuwa Alhamisi. Jibu lilitakiwa kwa mwenyekiti wa kikundi kabla jua halijazama Jumanne. Mimi nilifika Jumatatu mchana, basi mpaka Mlowo, halafu bodaboda, vumbi mpaka kwenye meno.

"Shemeji," nikamwambia kabla sijakaa, "nasikia umekataa zamu."

"Sijakataa. Nimeuliza faida yake."

"Faida ya kahawa?"

"Faida ya kupanda kitu cha kusubiri miaka mitatu, wakati wewe mwenyewe ulisema tunazunguka shimo." Akanyoosha kidole kwenye mashine ya kumenyea, iliyokuwa imefunikwa gunia pembeni ya nyumba. "Nimezungusha ile mashine miaka ishirini. Kahawa ikishaanza kuzunguka pale mdomoni, inaingia. Punje ya pembeni inachelewa, lakini inaingia. Wewe umewahi kuona inayozunguka isiingie?"

Sikuwa nimewahi kuona. Nilisimama pale na begi langu begani, nikihisi hasira ya mtu aliyefungwa kwa kamba yake mwenyewe.

Nilianza taratibu. Nikasema ile kahawa inavutwa na maji yanayokwenda chini, na inapunguzwa mwendo na ukuta wa mashine. Huko juu hakuna maji wala ukuta. Dunia inakimbia, na kule kukimbia ndiko kunakoizuia isianguke. Nikachukua jiwe, nikalifunga kamba, nikalizungusha juu ya kichwa changu mbele ya kuku.

"Kamba ikikatika?" akauliza shemeji.

"Ikikatika jiwe linakwenda zake. Haliingii katikati."

"Linakwenda wapi?"

"Popote."

"Na hiyo ndiyo nafuu?"

Dada alikuwa jikoni anatusikiliza. Alitoa kichwa mlangoni, akaniangalia mimi na jiwe langu, akarudi ndani. Nilimjua. Alikuwa anahesabu saa.

Jumanne asubuhi nikajaribu njia nyingine. Nikasema shimo jeusi halivuti vitu kama mtu anayefyonza togwa kwa mrija. Lina uzito tu. Nikamwambia, na hili ni kweli kabisa, kwamba kama leo tungeondoa jua na kuweka shimo jeusi lenye uzito uleule, dunia isingeingia hata hatua moja. Ingeendelea kuzunguka vilevile, kwa njia ileile, mwaka uleule.

Shemeji akafikiri.

"Bila jua?"

"Bila jua, ndiyo, lakini..."

"Kwa hiyo giza na baridi."

"Ndiyo, lakini shemeji, huo ni mfano!"

"Kahawa haiwezi baridi," akasema, na akaondoka kwenda kumfungulia ng'ombe.

Nilimfuata zizini. Nilikuwa nimeshaanza kupaza sauti, na sijivunii hilo, kwa sababu ni mkubwa kwangu na amemwoa dada yangu kwa heshima zote. Nikamweleza jinsi shimo jeusi linavyotokea, nikiamini kwamba mtu akijua kitu kinavyoanza hawezi kukiogopa ovyo. Nyota, nikasema, ni vita ya pande mbili. Uzito wake unaikandamiza kuelekea ndani, joto la moto wake linaisukuma kuelekea nje. Muda wote inapowaka, pande zote mbili zinalingana. Inaunguza kitu chepesi, inapata majivu. Ikibanwa zaidi yale majivu nayo yanawaka, yanatoa majivu mengine mazito zaidi, hivyohivyo, mpaka inafika kwenye chuma. Chuma hakiwaki. Hayo ndiyo majivu ya mwisho. Kiini kikijaa chuma, moto hauna tena cha kula, msukumo wa nje unakoma, na nyota iliyoishi mamilioni ya miaka inajiangukia kwa muda mfupi kuliko kupiga chafya. Maganda ya nje yanalipuka na kutawanyika, na chuma nacho kinatawanyika. Kiini, kama ni kizito vya kutosha, hakuna kitu duniani wala mbinguni cha kukizuia kujibana.

"Hata chuma cha jembe lako kilipikwa kwenye nyota," nikamalizia.

Hapo aliniangalia kwa makini kwa mara ya kwanza.

"Na kile kimondo chetu? Si chuma kile?"

"Ni chuma!" nikasema kwa furaha. Kimondo cha Mbozi kila mtu wa kule anakijua, amekipanda mgongoni akiwa mtoto wa shule. Nikaona tumefika.

"Kabla hakijaanguka kilikuwa kinafanya nini huko juu?"

"Kilikuwa kinazunguka jua."

"Kilikuwa kinazunguka," akasema shemeji polepole. "Na kikaanguka."

Nilikaa chini kwenye ukuta wa zizi. Sijawahi kushindwa na mtu vile, hata na polisi wa mpakani. Mtu ambaye hajagusa kitabu tangu darasa la saba alikuwa ananibana kwa maneno yangu mwenyewe, na kila jibu nililokuwa nalo lilikuwa kweli na halikufaa kitu.

Jua lilikuwa linaelekea kwenye vilima mwenyekiti alipokuja. Ni mama wa makamo, mjane, sauti yake haihitaji kipaza sauti. Alikataa kiti.

"Nimefuata jibu. Alhamisi tunakuja, hatuji?"

"Bado tunajadili," akasema shemeji.

"Mnajadili nini?"

Shemeji akanionyesha mimi. "Huyu anasema dunia inazunguka shimo."

Mama mwenyekiti akanitazama kuanzia viatu. "Huyu ndiye yule wa malori?"

"Ndiye."

"Mimi sikuja kujadili. Nina kaya kumi na tatu zinataka kujua Alhamisi zibebe majembe ziende wapi. Tunakuja au hatuji?"

Dada alikuwa ametoka jikoni, mikono ina unga. "Baba," alimwambia mumewe, "sema."

Shemeji alifungua mdomo, akanitazama mimi tena, akaufunga. Mama mwenyekiti alisubiri muda ambao mtu muungwana husubiri. Halafu akasema siku hiyo anampa jirani wa ng'ambo ya mto, akageuka, akaondoka.

Dada hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alikwenda kwenye kibanda cha miche, akatoa kiriba kimoja, akakichana kwa kucha, akakung'uta udongo mbele yetu. Mzizi mkuu ulikuwa umefika chini. Ncha yake ilikuwa imeanza kupinda, kidogo tu.

"Haya," akasema. "Endeleeni kujadili." Akaurudisha mche kwenye udongo wa kopo la zamani, akaumwagia maji, akaingia ndani.

Asubuhi ya Jumatano nilifunga begi. Shemeji alinikuta nafunga kamba za viatu, akachuchumaa karibu yangu.

"Shemeji, nikuulize kitu, usikasirike."

"Nimeshakasirika. Uliza."

"Lini?"

"Lini nini?"

"Tunaingia lini. Mvua nauliza lini, bei ya kahawa nauliza lini, wewe siku mbili unanieleza kitu kinavyotengenezwa. Sikukuuliza kinatengenezwaje."

Niliiacha kamba ya kiatu.

"Hatuingii," nikasema. "Hilo la katikati lipo mbali mno. Tumelizunguka tangu kabla dunia haijawa na majani, na hatujasogea karibu nalo. Kuzunguka mara moja tu kunachukua zaidi ya miaka milioni mia mbili. Na lile la karibu kuliko yote wanayoyajua wataalamu, mwanga ukitoka huko leo utafika Itaka baada ya miaka zaidi ya elfu moja. Mwanga, shemeji. Hakuna kitu chenye mbio kama mwanga."

"Unaapa?"

"Siapi! Mimi ni mlinzi wa malori, nimesoma kitabu ambacho nusu yake imeliwa na karanga. Nakwambia ninachojua. Mengine sijui."

Kwa mara ya kwanza nilimwona anahesabu kwa vidole. Mti wa kahawa unaanza kuzaa mwaka wa tatu. Ukiutunza na kuukata shina uchipue upya, unaweza kumzika aliyeupanda. Baba yake alipanda ile iliyopo sasa.

"Miaka elfu," akasema.

"Na zaidi. Huo ni mwanga peke yake."

Alisimama, na uso wake ulikuwa na hasira, tena hasira juu yangu mimi! "Ungeanza na hilo! Tangu juzi! Umeniacha nimepoteza siku yangu mbele ya watu, umekalia chuma, umekalia jiwe na kamba, kumbe lilikuwa jambo la miaka elfu?"

Dada, aliyekuwa ametusikia kutoka jikoni, alikuwa ameshajifunga kanga.

Tulikwenda wote watatu kwa mama mwenyekiti. Alikuwa anapepeta maharage, hakuacha. Dada ndiye aliyesema. Alipiga magoti kidogo kama inavyopasa, na akaomba kwa ajili ya miche, si kwa ajili yetu. Mwenyekiti alisikiliza mpaka mwisho. Akasema Alhamisi imekwenda, hairudi. Akasema ipo Jumamosi ya wiki ijayo, ambayo kikundi kilikuwa kimeiacha ya kupumzika, na watu wanaweza kukubali kuitoa kwa sharti la siku zote la kikundi: kaya iliyovuruga zamu inaleta jembe la ziada, na mtu wa kulishika, kwenye kila shamba mpaka mzunguko uishe.

"Jembe la ziada tunalo?" akauliza mwenyekiti.

Dada na shemeji wakanigeukia kwa pamoja.

Nilikuwa na lori la kulilinda Tunduma. Nilikuwa na dereva anayenisubiri, na baada yake nilikuwa nimepanga kwenda Galula kuona wanavyotafuta dhahabu. Nilisema yote hayo. Mwenyekiti aliendelea kupepeta.

Mashamba yaliyobaki yalikuwa tisa. Kufika shamba la tatu malengelenge yalikuwa yamepasuka na mengine yameota juu yake. Ile Jumamosi kaya zote kumi na tatu zilikuja kwa dada, na mpaka saa tisa mashimo mia tatu yalikuwa wazi, yamepangwa kwa mistari mpaka mtoni, na dada akipita katikati yake na kijiti kupima kina cha kila moja, bila kumwamini mtu yeyote. Mawili ya kwangu aliyakataa. Niliyarudia.

Shemeji alikuwa mstari wa mbele yangu. Siku zote zile hakuwa mkimya tena. Alikuwa anawaeleza wenzake kwamba shimo jeusi lipo, ni kweli, linatokana na chuma kinachoangukia chuma kingine, kama kile kimondo, ila kutufikia ni miaka elfu. Karibu kila neno lilikuwa limekaa vibaya. Watu walikuwa wanatikisa vichwa kukubali, kwa heshima.

Niliinua kichwa kutoka kwenye shimo langu. "Shemeji, si hivyo. Chuma hakiangukii..."

"Wewe," akasema mama mwenyekiti kutoka mstari wa pili, bila kugeuka. "Chimba."