Maji ya Mwenye Nyumba

Djamali wa Makobola alikuwa mtu wa maneno machache. Maneno ya nyumba ile yalikuwa kazi ya mke wake, Zabibu. Djamali alipanda michikichi, akakata mikungu, akaishusha chini. Zabibu alichemsha, akakamua, akauza mawese kando ya barabara ya Fizi, na akasema yote yaliyotakiwa kusemwa, ya kwake na ya mume. Waliishi hivyo tangu ujana wao na hakuna aliyeona kasoro.

Zabibu alikufa mvua zilipokuwa zinaisha. Nyumbani wakabaki Djamali na Chadia, mjukuu waliyemlea tangu alipoachishwa ziwa. Chadia alipika, Djamali alikula. Jioni walikaa nje wakiangalia taa za wavuvi wa ndagala ziwani, kisha mmoja alisema amechoka, na mwingine akasema hata yeye.

Chadia alipata diplome ya Leta, ile ya kumaliza sekondari, na pointi nzuri. Alitaka kusoma kilimo kwenye chuo cha Uvira, kile cha upande wa Rugenge, ambako wasichana wa mbali hulala hapo hapo. Siku moja alimkuta babu yake akinoa panga.

"Babu, siku ya ine wanafungua mulango kwa wazazi. Wanaonyesha masomo, wanaonyesha fasi ya kulala. Bibi alisemaka ataenda na minye."

"Alisema?"

"Alisema."

Djamali akapitisha kidole kwenye makali. "Basi tutaenda kuona."

Kwenda kuona si kukubali. Chadia alilijua hilo, na siku zile alipika kwa uangalifu mkubwa.

Huko kwao, mtoto wa kike halali nyumba ya watu kabla mkubwa wake hajaiona nyumba hiyo, iwe ni ya mume, ya shangazi au ya masista. Mkubwa huenda na kitu mkononi. Wenye nyumba hukipokea kitu, humpa mgeni maji, naye hunywa. Basi, mtoto ana kwake. Kitu kikirudishwa, mtoto naye amerudishwa, na hakuna haja ya kugombana. Binti zao watatu waliolewa kwa njia hiyo. Djamali alikaa sebuleni na wanaume, Zabibu akaingia vyumba vya ndani. Akitoka, Djamali alimwangalia usoni tu na akajua la kusema.

Siku ya ine, yaani Alhamisi, ilipofika Djamali aliamka mapema, akamkamata kuku mwekundu wa Zabibu, yule mwenye shingo isiyo na manyoya. Akamtia kwenye kikapu cha Zabibu, akamfunika kitambaa. Akachukua na kibidoni, kidumu kidogo cha mawese.

"Babu," Chadia alisema, "kule ni masomo."

"Utalala kule?"

"Nitalala."

"Basi."

Walipanda pikipiki moja, Chadia katikati, kuku kwenye mapaja ya Djamali. Dereva aliuliza kama wanakwenda kuposa. Djamali akamjibu kwamba hajui bado.

Chuoni walikuta wazazi wengi, wengi wao wakiwa na bahasha kwapani. Mwanafunzi mmoja mwenye fulana ya kijani aliwazungusha: madarasa, chumba cha mashine za kuangalia vidudu, banda la mbuzi, bustani ya vitunguu na nyanya. Djamali alifuata nyuma na kikapu chake. Kila walipofika mlangoni alisimama kidogo, akingoja mtu atoke na kikombe. Waliambiwa tu wasonge mbele, maana kundi jingine linakuja.

Mwisho wa bustani palikuwa na michikichi mifupi, mikungu yake ikiwa karibu na magoti ya mtu.

"Hii hawapandaki, babu," Chadia alisema. "Wanasimama tu, wanakata."

Djamali akaugusa mkungu mmoja. "Na wakizeeka, wanakaa."

Chadia akacheka. Djamali hakukumbuka lini alimsikia akicheka hivyo. Tangu msiba, labda siku mbili tatu, tena kwa jirani.

Walipomaliza kuzunguka waliingizwa ofisini kwa sekretera wa chuo, Bwana Bonaventure, mtu mwembamba, shati limepigwa pasi vizuri. Alipokea bahasha ya Chadia, akasoma karatasi moja moja, uso wake ukafunguka.

"Pointi iko muzuri. Kitanda iko. Mzee, nyinyi munasemaje?"

Djamali aliinuka, akaweka kibidoni mezani, na kikapu pembeni yake.

"Hii ni ya nyumba."

"Nyumba gani, mzee?"

"Ya hapa. Yenye atalala."

Kuku akatoa shingo yake tupu chini ya kitambaa, akamwangalia Bwana Bonaventure kwa jicho moja. Bwana Bonaventure alisimama, akafungua mlango wazi kabisa ili walio nje waone ndani. Kisha akanyoosha kidole kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani.

"Mzee, soma pale."

Djamali akaangalia ukuta. "Sisomaki."

Bwana Bonaventure akashusha sauti. "Unisamehe. Imeandikwa muzazi asilete kitu ku biro, hata yai. Nikipokea hii kuku, kesho watasema Chadia aliingia chuo kwa kuku. Ni yeye atachafuka, si minye."

Alisema kwa heshima. Kwa heshima ileile akakinyanyua kikapu kwa mikono miwili, akamrudishia mwenyewe, halafu kibidoni. Hata Makobola ingefanywa hivyo, kwa mikono miwili na sauti ya chini. Ndivyo msichana anavyokataliwa na watu wenye adabu.

"Asante," Djamali akasema. "Chadia, chukua karatasi yako. Twende."

Chadia hakuamini masikio yake mpaka walipokaribia geti.

"Babu, tunaenda wapi?"

"Nyumbani."

"Kitanda iko. Hukumusikia?"

"Nilimusikia. Amekurudisha."

"Amerudisha kuku."

"Ni kitu kimoja."

"Hapa si Makobola, babu. Hapa wanaogopa komite ya chuo."

Djamali aliendelea kutembea. Chadia akampita, akasimama mbele yake. Hakuwahi kumfungia babu yake njia.

"Sema kweli, babu. Weye umefurahi."

Djamali aliangalia kikapu. Ni kweli kwamba tangu kikapu kiliporudi mikononi mwake, alikuwa ameona nafuu. Angerudi na mtoto. Jioni kungekuwa na moshi jikoni, na mtu wa kumwambia amechoka. Alikaa kwenye jiwe la kando ya geti, akaweka vitu vyake miguuni.

"Bibi angefanya nini?" Chadia akauliza.

"Angeingia ndani akaone."

"Basi uingie."

"Ndani ya wasichana? Minye?"

Chadia akaenda kwenye robinet, bomba la uwanjani, akajaza chupa yake, akamletea. "Kunywa, babu. Maji ya hapa."

Djamali hakuipokea. "Weye bado si wa hapa. Mugeni hamupatii mugeni maji. Maji inatoka kwa mwenye nyumba."

Chadia akabaki na chupa mkononi. Polepole akaelewa kitu ambacho babu yake alikuwa akikingoja kwenye kila mlango tangu asubuhi. Akageuka, akavuka uwanja karibu kwa kukimbia hadi nyumba ndefu ya bati ambako nguo za wasichana zilikuwa zimeanikwa, akabisha hodi. Djamali alimwona anaongea na mtu mlangoni, mikono ikienda huku na huku. Zabibu aliongea vivyo hivyo.

Msichana aliyetoka alikuwa mnene, mwenye kitambaa kichwani na kandambili zisizofanana. Alibeba kikombe cha plastiki juu ya sahani. Alipofika akapiga goti.

"Karibu, babu. Minye ni Eliane."

Djamali hakukigusa kikombe bado. "Weye ni nani kwa hii nyumba?"

"Ninalala humu. Mwaka wa pili."

"Ni kwako?"

Eliane akafikiri. "Mpaka masomo yafungwe watufukuze vakansi, ni kwangu."

"Mvua ikinyesha, inavuja?"

Chadia akamwangalia Eliane kwa macho ya kumwomba. Eliane hakuyaona, au aliyaona akayaacha.

"Inavuja, babu. Upande wa dirisha. Tunasukuma vitanda, tunalala kama ndagala juu ya mchanga."

"Na chakula?"

"Majani ya sombe. Kesho yake sombe. Siku ya Mungu, sombe na mchele."

"Na mawese?"

"Mawese tunaionaka kwa macho, ikipita barabarani."

Djamali karibu acheke. Sekretera alikuwa amesema kitanda kipo. Huyu amesema kinalowa. Hivyo ndivyo Zabibu angetoka na kusema: panavuja, lakini watu wake ni watu.

Akachukua kikombe, akanywa taratibu mpaka chini. Maji yalikuwa na harufu ya bidoni. Akarudisha kikombe kwenye sahani, akanyanyua kibidoni cha mawese na kuku, akampa Eliane.

"Hii ni ya nyumba."

Eliane aliitazama ofisi, kisha geti. "Babu, sisi hatukuandikiwa kukataa," alisema. "Minye si biro." Akamkumbatia kuku chini ya kwapa. "Huyu hatumuchinji. Atatutagia mayai mpaka Chadia akuje."

"Ni wa bibi yake."

"Basi atalala karibu na kitanda chake. Chadia akikuja, asikie harufu ya kwao."

Alichukua na kikapu, akaingia nacho ndani, kwa kuwa hata yeye alikuwa amelelewa na watu. Waliposikia tena kandambili zake, kikapu kilikuwa na nyanya na vitunguu vya bustani ya chuo, pamoja na kipande cha sabuni. Djamali aliviangalia. Kikapu hakikurudi kitupu. Mambo yote yalikuwa yamefanyika, ila mbele ya mtu mwenye kandambili za rangi mbili.

Kabla ya kutoka Chadia alirudi ofisini na bahasha yake. Djamali alimngojea kwenye jiwe. Alipotoka hakuwa na bahasha.

Walifika Makobola jua likiwa bado juu ya milima. Djamali alikitundika kikapu kwenye msumari wake jikoni, baada ya kutoa vilivyomo. Chadia akaanza kukoka moto kama kila siku.

"Weye kaa," Djamali akasema.

"Babu?"

"Kaa pale. Usishike kitu."

Chadia akakaa kwenye kigoda cha bibi yake. Djamali alipiga magoti mbele ya mafiga, akapanga kuni, akapuliza, akakohoa. Moto ulipowaka akachukua kitunguu kimoja cha chuo, akakikata kwa kisu chake cha kukatia mikungu, vipande vikubwa kama vya kulishia bata.

"Ni vidogo zaidi, babu."

"Hivi?"

"Zaidi kidogo."

Alikata tena. Macho yakamtoka machozi ya kitunguu, akayafuta kwa bega. Akatia mawese kwenye sufuria, akangoja. Kisha akafungua kopo la chumvi na kukaa nalo mkononi.

"Bibi yako alitiaka ngapi?"

"Kwa vidole vitatu," Chadia akasema.

Djamali akakunja vidole vyake, akavichovya ndani ya kopo.